Risala ya Kikundi cha Sanaa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Ahsante kwa kuitikia mwito wetu. Muhula huu tumeuchunguza mkusanyo wa jumba la makumbusho ya sanaa: michoro ya rangi, pamoja na vitambaa vilivyofumwa na kudariziwa. Tukiri mapema kwamba vitambaa tulivipita haraka, tukidhani ni mapambo.

Aliyetuzindua ni mwenzetu aliyechungulia ukingo wa mchoro wa rangi za mafuta, akaona nyuzi. Kumbe turubai yenyewe ni kitani!

Tangu hapo tukawafuatilia wafumaji. Mwaka 1515 Papa Leo X alimwagiza mchoraji Raphael achore picha za mapazia ya kufumwa, ya kutundikwa katika Kanisa la Sistine, Vatikani. Picha zilichorwa kwenye karatasi, zikapelekwa Brussels, zikakatwa vipande na kuwekwa chini ya mtande, yaani nyuzi zilizotandazwa kwa urefu kwenye kitanda cha kufumia. Mafundi walifuma wakitazama upande wa nyuma, ndiyo maana pazia likigeuzwa, kilichokuwa kulia kwenye mchoro huonekana kushoto. Saba kati ya karatasi hizo zimehifadhiwa London. Jina la Raphael kila mtu analitaja. Waliopitisha mshindio, ule uzi unaokatiza mtande, uzi kwa uzi, ni nani anayewataja?

Hata kitambaa maarufu cha Bayeux, mji wa Ufaransa, chenye urefu wa karibu mita 70, huitwa pazia la kufumwa, ilhali ni kitani kilichodariziwa kwa nyuzi za sufu. Sisi nasi tulikosea hivyo hivyo kwenye daftari zetu.

Mheshimiwa, changamoto kubwa ni mwanga. Rangi ya uzi ikishafifia hairudi, kwa hiyo vitambaa huonyeshwa kwenye giza hafifu, kwa muda mfupi, kisha hurudishwa ghalani. Mwanzoni tulinung'unikia giza lile. Sasa tunalielewa, ila bado tunaona vitambaa vichache mno.

Tunaomba utufikishie kwa uongozi wa jumba maombi mawili: tupangiwe siku za kuingia ghalani tukiwa na mhifadhi, tuone na upande wa nyuma wa vitambaa, yalipo mafundo na rangi ambazo hazijapigwa na mwanga, na kibandiko kimtaje mfumaji pale anapojulikana, si mchoraji peke yake.

Kabla hujaketi mezani, tunakukaribisha kwenye kitanda chetu cha kufumia upitishe mshindio mmoja. Kazi bado haijakamilika.

Naomba kuwasilisha.