Kazi ya pamoja haikolei kwa semina za hotelini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno na waajiri wa hapa Mwanza kuhusu ile hali ambayo kazi ya kundi inakolea, kila mmoja anajua mwenzake anahitaji nini kabla hajaambiwa, na saa zinayoyoma bila mtu kutazama ukutani.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeichunguza hali hiyo kwa miaka mingi, alieleza kwamba humjia mtu mwenye lengo linaloeleweka, anayeona matokeo ya kazi yake papo hapo, na ambaye ugumu wa kazi unalingana na ujuzi wake, kwa kuwa kazi nyepesi mno huchosha na nzito mno hutia hofu. Mwanafunzi wake Keith Sawyer, ambaye pia ni mpiga piano wa jazi, alichunguza bendi na vikundi vya maigizo ya papo kwa papo, akaona kwamba kundi linahitaji zaidi: kusikilizana kwa makini, na kila mmoja kuwa na mchango bila yeyote kujikweza.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho yake awatazame wavuvi wa dagaa ziwani, usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Dagaa wakishajaa kwenye mwanga wa taa, anayeishika huivuta taratibu huku wenzake wakizungusha wavu, na hapo maneno huwa machache sana, kwani upande mmoja ukichelewa kuvutwa dagaa wote wanatoroka. Uzito wa wavu mikononi ndio unaowaambia kama wamepatia au wamekosea. Hawasubiri ripoti ya mwisho wa mwezi. Wala mgeni hapewi taa usiku wake wa kwanza. Mashambani nako Wasukuma walilijua hilo zamani: Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe, ilitokana na vikundi vya kulima kwa pamoja kwa kufuata mapigo.

Katika ofisi zetu nyingi, hali ni kinyume. Watu wanne wameinamia hesabu za mwaka, wameanza kuelewana, mara mmoja anaitwa na bosi kutafuta faili ambalo lingeweza kusubiri hadi mchana. Anaporudi, kundi la WhatsApp la ofisi limeshatangaza kikao cha dharura, na baada ya kikao hakuna anayekumbuka waliishia mstari upi. Kazi ikizorota, uongozi unakodi ukumbi wa hoteli kando ya ziwa, analetwa mhamasishaji, watu wanapiga makofi na kugawiwa fulana. Sina ugomvi na fulana, ila Jumatatu wanarudi kwenye usumbufu uleule.

Najua mapokezi ya hospitali au kaunta ya tiketi za kivuko haviwezi kufunga mlango. Lakini wahasibu, wachora ramani na wanaoandaa zabuni wanaweza kuachiwa saa mbili za asubuhi zisizo na vikao wala simu za ndani, mmoja wao akipokea wateja kwa zamu. Bosi naye, akitaka kujua kazi imefikia wapi, asome ubao uliotundikwa ukutani badala ya kumwita mtu. Fedha za ukumbi zitabaki, na semina inaweza kungoja robo ijayo ya mwaka ikionekana bado inahitajika.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza