Darubini za kutazamia ndege: tuulize kilicho ndani kabla ya kusifu ngozi ya nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo linalowagusa watazamaji wa ndege, hasa wale wanaojiandaa kununua darubini yao ya kwanza. Siku hizi umerudi mtindo wa darubini zenye sura ya zamani: mwili uliovishwa ngozi nyeusi, pete za chuma kinachong'aa, maandishi yaliyochongwa kwa mtindo wa kale, wala hakuna ule mpira mnene unaofunika darubini nyingi za kisasa. Zinapendeza, na sioni kosa kwa mtu kupenda chombo kizuri. Kinachonisumbua ni kwamba mjadala huendeshwa kana kwamba kuna kambi mbili tu, ya zamani na ya sasa, na mnunuzi achague kwa kuangalia vazi. Ukweli ni kwamba chini ya sura hiyo moja ya zamani mna vyombo vya aina mbili visivyofanana, na asiyevitofautisha anaweza kulipia urembo akidhani amelipia uwezo wa kuona.

Aina ya kwanza ni darubini ambazo umbo lake la zamani lina kazi. Hizi ndizo zenye mabega mapana, ambazo lenzi zake za mbele zimeachana kuliko lenzi za jichoni. Upana huo haukubuniwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1854 Mtaliano Ignazio Porro alisajili hataza ya mfumo wa prizimu (vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga) unaoisimamisha wima picha iliyopinduliwa na lenzi, na mwaka 1894 kampuni ya Zeiss, ambako Ernst Abbe ndiye aliyeongoza kazi hiyo, ikaanza kuuza darubini za mkononi zenye prizimu za namna hiyo. Ndani ya prizimu za Porro mwanga wote hurudishwa na uso wa kioo wenyewe bila kupakwa fedha wala alumini. Tena, kwa kuwa lenzi za mbele ziko mbalimbali, macho hupata hisia kubwa zaidi ya kina: kigogota aliyejibana kwenye shina hujitenga waziwazi na matawi yaliyo nyuma yake, na mtazamaji hujua papo hapo ni tawi lipi liko mbele na lipi liko nyuma. Katika msitu wenye majani mengi faida hiyo si ndogo.

Aina ya pili ni darubini zenye mabomba yaliyonyooka, ambazo ndani yake hazitofautiani na zile zilizovaa mpira. Kampuni ya Leitz ilipotoa darubini yake ya Trinovid mwaka 1963, umbo lile jembamba lilikuwa jambo jipya, na leo linaigwa kama kumbukumbu ya enzi zile. Mabomba yaliyonyooka yanahitaji prizimu za paa, yaani zenye nyuso mbili zinazokutana kama paa la nyumba, na nyingi kati ya hizo ni za mfumo wa Schmidt-Pechan. Prizimu hizi hugawa mwanga pande mbili kwenye ukingo wa paa, na miale inapokutana tena mawimbi yake huwa yamepishana kidogo, kiasi kwamba mistari myembamba ya manyoya hupoteza ukali wake. Tiba yake ni mpako maalumu wa kuyarudisha mawimbi katika hatua moja, ambao Zeiss walianza kuutumia mwaka 1988. Zaidi ya hapo, kuna uso mmoja wa prizimu usioweza kurudisha mwanga mpaka upakwe, na alumini hupoteza mwanga mwingi kuliko mipako ya kisasa ya matabaka mengi yasiyo ya metali, ambayo hurudisha zaidi ya asilimia 99. Basi darubini ya paa iliyovishwa ngozi nzuri lakini ikakosa mipako hiyo miwili itampa mnunuzi picha iliyopitwa na wakati, hata kama imetoka kiwandani mwaka huu.

Kuhusu mipako ya lenzi zenyewe napenda nieleze kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo darubini za zamani hasa, zile za urithi na za mitumba, zinapoachwa nyuma. Kila uso wa kioo usiopakwa unaokutana na hewa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo hubakiwa na kama theluthi mbili tu ya mwanga ulioingia, na sehemu ya ule uliorudishwa huzungukazunguka ndani na kuifanya picha iwe na weupe kama wa maziwa. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alibuni mpako wa kuzuia hali hiyo, na mipako ya leo yenye matabaka mengi hupunguza upotevu huo hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso. Kwa hiyo darubini ya Porro iliyotengenezwa sasa, ikiwa na umbo la miaka mingi iliyopita na mipako ya leo, ni chombo tofauti kabisa na kile cha babu kinachofanana nayo kwa sura.

Sasa niseme ninavyoona kuhusu matumizi ya kila siku. Nikon 8x30 E II (yaani inakuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 30) ni darubini ya Porro yenye sura ya kale kabisa, lakini inaonyesha uwanja wenye upana wa mita 154 kwa umbali wa mita 1,000, ikiwa na uzito wa gramu 575 tu. Swarovski NL Pure 8x42, iliyotoka mwaka 2020, inaonyesha mita 159 na ina uzito wa gramu 840. Anayefuatilia mbayuwayu wanaopinda na kurudi angani anajua thamani ya uwanja mpana, na hapo darubini ile ya zamani kwa sura iko bega kwa bega na mojawapo ya darubini bora za kisasa, huku ikiwa nyepesi zaidi shingoni. Mchana kweupe, mboni ya jicho ikiwa imejikunja hadi milimita 2 au 3, duara la mwanga la milimita 3.75 linalotoka kwenye 8x30 linatosha kabisa. Jioni bundi anapotoka, duara la milimita 5.25 la 8x42 huanza kuonyesha faida yake.

Lakini picha peke yake haitoshi. Darubini nyingi za Porro hulenga kwa kusogeza daraja linalobeba lenzi zote mbili za jichoni nje ya mwili, na kila linapotoka na kuingia huvuta hewa pamoja na unyevu na vumbi. Mtu akiibana usoni kwa nguvu, daraja huinama upande mmoja, na jicho moja likabaki linaona vizuri huku la pili likiona ukungu; ni kasoro ndogo, ila huudhi sana wakati ndege ana sekunde mbili tu kabla hajaruka. Darubini za kisasa hulenga kwa lenzi inayosogea ndani ya mwili uliofungwa na kujazwa naitrojeni, kwa hiyo mvua haiingii wala ukungu haujijengi ndani. Wapo waliojaribu kuifunga Porro vilevile, kama Swarovski na Habicht yao, na wamefanikiwa kuzuia maji, lakini gurudumu lake la kulengea limekuwa gumu kuzungusha. Sidhani ugumu huo unamfaa mtu anayehamisha macho kutoka kwenye kichaka cha karibu hadi juu ya mti wa mbali mara nyingi kwa saa moja.

Jambo jingine ambalo wasifu wa darubini hizi mara nyingi hulipita ni hali ya wanaovaa miwani. Habicht 8x30 humtaka mtazamaji aweke jicho milimita 12 tu kutoka kwenye lenzi, na E II milimita 13.8. Mwenye miwani huona katikati ya picha tu, kingo zikakatwa, na ule uwanja mpana aliosifiwa asiupate. NL Pure humpa milimita 18. Kwa maoni yangu mvaa miwani asishawishiwe na ngozi wala na historia. Anunue ya kisasa, hata iwe ya bei ya kati. Ndivyo ilivyo pia kwa anayependa kutazama vipepeo na kerengende pamoja na ndege, kwani Porro hizo haziwezi kulenga karibu zaidi ya mita 3, ilhali za kisasa nyingi hufika mita 2 au chini yake.

Ninachokiogopa zaidi ni darubini za bei rahisi zilizovishwa sura ya kale kwa ajili ya zawadi, hasa zile zenye lenzi nyekundu zinazong'aa. Mpako huo mwekundu hurudisha nyuma mwanga mwekundu, kwa hiyo picha inayofika jichoni huwa na ubaridi wa kijani, na rangi za kifua cha ndege hudanganya. Mnunuzi anaweza kujikinga dukani. Aielekeze lenzi ya mbele kwenye taa: mwako ukirudi mweupe, uso huo haukupakwa, ukirudi na rangi hafifu ya zambarau au kijani, umepakwa. Kisha aishike darubini kwa mkono ulionyooka, aielekeze kwenye mwanga na kutazama duara dogo linalong'aa kwenye lenzi ya jichoni. Ikiwa ni ya Porro na duara lina kingo za kijivu zinazoelekea mraba, prizimu ni za kioo cha daraja la chini. Mpako wa mawimbi katika prizimu za paa hauonekani kwa macho, kwa hiyo lazima utajwe waziwazi katika maelezo ya mtengenezaji. Usipotajwa, mnunuzi achukulie kwamba haupo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti linapoandika kuhusu darubini za ndege, ziwe za ngozi au za mpira, lichapishe kando ya picha upana wa uwanja kwa mita 1,000, umbali wa jicho, umbali wa karibu zaidi wa kulenga, uzito, aina ya prizimu na mipako yake, na kama chombo kimefungwa dhidi ya maji. Takwimu hizo hazizidi mistari mitatu, na wengi wa watengenezaji huzitoa bila kuombwa.

Wako,
Msomaji na mtazamaji wa ndege