Barua ya Wazi kwa Kaka Yangu: Jezi ya Baba Bado Ina Doa

Malindi, Alhamisi, 18 Aprili 2024

Kaka yangu,

Assalaam aleikum. Idi imepita na salamu zako zilimfikia Mama peke yake, naye alizisoma mara mbili kisha akanipa simu bila ya kusema neno, nikaelewa kwamba mimi sikuwemo. Simu zangu huzipokei tangu Novemba. Hata hivyo mwana wa ami aliyeko nawe huko Lamu ameniambia kwamba haipiti wiki hujasoma ninayoyaandika hapa kuhusu Everton, timu yetu ya Uingereza, na kwa hiyo nimeamua kukuandikia mahali ambapo najua macho yako yatafika. Wasomaji wengine wataniwia radhi.

Jumatatu usiku Chelsea walitufunga mabao 6 kwa 0, manne kati yake yakiwa ya Cole Palmer, na nilipozima televisheni katika banda letu la kuonyeshea mpira walikuwa wamesalia watu watatu, mmoja wao amelala. Sasa tunapambana tusishuke daraja: tuna alama 27, Nottingham Forest wana 26, Luton wana 25, na Jumapili ni Forest hao hao wanaokuja uwanjani kwetu Goodison. Ukitaka kujua hali yangu, usiku ule nilikaa nikipiga hesabu kwa penseli nyuma ya karatasi ya kalenda, kama alivyokuwa akifanya Baba, na kila nilipomaliza nilianza tena, kana kwamba jibu lingebadilika.

Hesabu za uwanjani peke yake zingevumilika. Msimu huu tumekatwa alama 8: zile 10 za Novemba zilizopunguzwa kwa rufaa zikawa 6 mwezi wa Februari, kisha 2 nyingine Aprili 8, siku mbili kabla ya Idi, wakati tulikuwa ndio kwanza tumewafunga Burnley baada ya mechi 13 za ligi bila ushindi. Tulikatwa kwa sababu ya hasara: kanuni ya ligi inairuhusu klabu kupata hasara ya pauni milioni 105 katika miaka mitatu, nasi tuliupita mpaka huo kwa milioni 19.5 mara ya kwanza na kwa milioni 16.6 mara ya pili. Majuzi klabu imetangaza hasara nyingine ya pauni milioni 89.1. Wamarekani wa kampuni ya 777 Partners walikubaliana na mmiliki wa klabu, Farhad Moshiri, tangu Septemba mwaka jana kuzinunua hisa zake, na hadi leo mauzo hayajakamilika, huku klabu ikiishi kwa mikopo yao na uwanja mpya wa watu 52,888 ukiendelea kujengwa kule Bramley-Moore. Timu hii haijacheza nje ya ligi ya juu tangu 1954. Ikishuka mwaka huu, fedha za televisheni zitapungua na deni litabaki vile vile, na sioni ni nani atakayekubali kulibeba.

Utasema ulishasema. Ni kweli, ulisema, na kuhusu fedha ulikuwa sahihi kuliko mimi. Lakini aliyesema kabla yako ni Baba. Unakumbuka tuliporudi kutoka uwanja wa Kasarani, Nairobi, mwaka 2019, baada ya Kariobangi Sharks kuwatoa Everton kwa penalti 4 kwa 3, sote watatu tumechoka kwa safari ya basi la usiku, na wewe ukiendelea kusikitika kwamba laiti Bandari wangewafunga Sharks kule Dar es Salaam mwezi wa Januari, katika fainali iliyoamua nani acheze na Everton, basi siku ile ingekuwa ya watu wa pwani. Baba aliinunua jezi nje ya lango la uwanja, akaipakata njia nzima, na tulipofika nyumbani, kabla ya kuoga, aliketi barazani na wembe akaanza kulikwangua jina la ile kampuni ya kamari lililokuwa kifuani. Ilimchukua hadi alasiri. Herufi zilitoka moja moja kama magamba ya samaki, zikaacha kivuli chake kwenye kitambaa cha buluu, ukiiinamisha jezi kwenye mwanga unaweza kulisoma jina lote. Alituambia, "Pesa ya namna hii haikai." Mwezi ule ule leseni ya kampuni ile haikufanywa upya humu nchini, muda mfupi baadaye Gor Mahia na AFC Leopards wakaachwa bila mdhamini, na mwaka uliofuata jina likatoka kifuani mwa Everton wenyewe. Kisha Machi 2022 zikakatika na pesa za udhamini za tajiri wa Urusi, Alisher Usmanov, Urusi ilipoivamia Ukraine. Kwa hiyo Baba hakuwa mjinga wa mambo ya fedha. Aliipenda timu tangu Daniel Amokachi alipojiunga nayo mwaka 1994, na aliipenda akijua.

Ndiyo maana siwezi kuipita Ijumaa ile ya tarehe 17 Novemba.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati tangu adhuhuri na stima imepotea. Wewe ulikuwa umeinama nje ya mlango wa nyuma ukihangaika na jenereta, mikono imejaa oili hadi karibu na viwiko. Watu walikuwa wamejibanza bandani kwa sababu ya mvua tu, maana siku hiyo hapakuwa na mechi. Habari ikaingia katika simu ya mmoja wao, akaisoma kwa sauti: Everton wamekatwa alama 10, kutoka 14 wamebaki na 4, kutoka nafasi ya 14 wamefika ya 19. Vijana wa Arsenal wakacheka, jambo ambalo ni haki yao. Uliingia, ukasimama ukisikiliza, maji yanakudondoka. Kisha ukanyoosha mkono ukutani, ukaichomoa jezi ya Baba kwenye msumari, ukaanza kufutia oili. Ulifuta kiganja, ukafuta kidole baada ya kidole, hata katikati ya vidole, bila ya haraka, kama mtu aliyeokota tambara. Ulipomaliza uliitupa juu ya benchi na kusema mbele ya watu wote, "Mzee alituachia hasara, na huyu bado anailisha."

Vijana waliacha kucheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba watu wasiokuwa wa damu yetu walinyamaza kwa haya, na wewe ukarudi kwenye jenereta yako.

Baba alikuwa na miezi mitano tu kaburini, kaka. Alidiriki kuliona bao la Doucouré dhidi ya Bournemouth, Mei 28, lililotuokoa tusishuke, akatushika mikono sisi wawili, huku mmoja huku mwingine, hadi kipenga cha mwisho, na wiki tatu baadaye tukamzika. Neno la hasara ningekusamehe, kwa kuwa hasira ina maneno yake. Mkono ule unanishinda. Nimeifua jezi kwa sabuni ya kipande, nikajaribu ndimu na chumvi, Mama naye akajaribu kivyake, na doa liko pale pale, kando ya kivuli cha zile herufi.

Najua ulipotaja kulisha hasara ulikusudia zile shilingi 14,500. Niliwahi kusikia kwamba unaniita Moshiri mbele ya watu, yaani mtu anayetumia asichonacho kisha anaiacha nyumba na deni. Naomba basi unisikilize. Nilizichukua katika kodi ya nyumba ya Baba, mwezi wa Agosti, kwa sababu msimu ulikuwa unaanza na king'amuzi kilikuwa kimekatwa, na banda lisiloonyesha mpira haliingizi hata senti. Sikukuuliza, na hapo nilikosa. Lakini kufikia Desemba, tuliposhinda mechi nne mfululizo na watu wakarudi, nilikuwa nimekwisha kurejesha 9,000, na zilizobaki ziko kwa Mama tangu Februari, ndani ya bahasha yenye jina lako, ambayo hukuja kuichukua. Mama ni shahidi. Sikuzila wala sikuzichezea, na kama ningekuuliza ungekataa, na banda lingefungwa, na tungekuwa leo hatuna hata ukuta wa kutundikia jezi yenyewe.

Nasikia sasa unavaa ya Manchester City. Huo ni uhuru wako. Mimi ninachoshindwa kuelewa ni vipi mtu aliyeona aibu ya alama 10 ahamie kwenye timu yenye mashtaka 115 ya kuvunja kanuni za ligi tangu Februari mwaka jana, na kesi yenyewe bado haijasikilizwa.

Si desturi mdogo kumnasihi mkubwa wake, na wewe ndiye uliyenifundisha kupiga mpira pale ufukweni maji yakitoka. Lakini juzi usiku niliwatazama Portsmouth wakitwaa ubingwa wa daraja la tatu. Walichukua Kombe la FA mwaka 2008, miaka miwili baadaye wakafilisika na kushuka, na kufikia 2013 walikuwa daraja la nne, na klabu iliokolewa na mashabiki wake waliochangishana wakainunua. Wamekaa miaka 12 wakisubiri kurudi daraja la pili tu. Nilipowaona wazee wakilia nilijiuliza ni wangapi kati yao walikuwa na ndugu walioondoka njiani, na kama walipigiwa simu usiku ule. Sikukupigia, kwa sababu nilijua hutapokea.

Mechi ya Forest ni Jumapili saa tisa na nusu alasiri. Baada yake ni Liverpool, Jumatano saa nne usiku, kisha Brentford Jumamosi. Mvua za masika zimekwisha anza na stima inakatika kila jioni, na ile jenereta tangu uondoke imekataa kushika. Fundi amekuja mara mbili, anavuta kamba hadi jasho linamtoka, inakohoa na kuzima. Kuna namna ulivyokuwa ukiziba kitu kwa kidole gumba kabla ya kuvuta. Sikuwahi kuangalia vizuri ni wapi. Kama hutaki kuja, nitumie ujumbe uniambie ni wapi.

Mdogo wako