Kwa wote tutakaohudumu Ijumaa hadi Jumapili

Habari za jioni, ndugu zangu. Ijumaa saa tatu asubuhi tunafungua mlango wa nyumba ya marehemu na kuanza kuuza vyombo vyake.

Kwanza, foleni. Namba zitagawiwa kuanzia saa moja na nusu, na mwenye namba ndogo ndiye aingiaye kwanza, hata kama nyuma yake yupo shangazi yako. Hapa Marekani kuna wateja wanaoamka alfajiri kuwahi namba hizo. Ukimpitisha mtu pembeni, umewadhulumu wote.

Bei hatushushi Ijumaa. Jumapili ni nusu. Anayeomba punguzo mapema, mwambie kwa upole aandike bei yake na simu, kisha tutampigia kitu kikibaki. Msimcheke mtu kwa bei aliyotaja. Chenye kikaratasi cha "kimeuzwa" hakiguswi tena, hata akija wa kuongeza dau.

Ninalowaomba zaidi ni hili: binti wa marehemu huenda akapita. Tusiviite vitu vya mama yake takataka, wala tusicheke nguo zake, hata kwa Kiswahili, maana sura husomeka. Mkikuta picha za familia, barua au hati kwenye droo, ndani ya vitabu au mifuko ya makoti, msiuze. Leteni mezani kwangu, nitamkabidhi mwenyewe.

Wazee tuwabebee mizigo hadi garini. Atakayechelewa anijulishe leo, tafadhali.