Rupia yenye tundu: barua kwa dada yangu aliye Maskati

Dada, shikamoo.

Wiki iliyopita mwanao wa mwisho alinitumia picha. Kazipanga sarafu zake juu ya mkeka, ndogo kwanza, kubwa mwisho, vilevile nilivyokuwa nikizipanga mimi barazani na wewe ukipita katikati makusudi na ndoo ya maji. Nyingi ni baisa za huko. Pembeni kaweka rupia ya Mjerumani, uso juu. Chini kaandika: "Mjomba, hii ya mama ina tundu. Bado ina thamani?"

Sijamjibu. Simu zangu wewe hupokei, basi nakuandikia hapa mbele za watu. Wa Ngamiani pale Tanga watakusomea, unawajua.

Kwanza, mtoto kaanza vizuri, usimkatishe. Asinunue kitu. Aanze na zinazopita mkononi mwake. Mimi nilianza na chenji yako: ulinituma chumvi, nikarudi senti hamsini imepungua kwa sababu ya yule sungura aliyechorwa juu yake, sikuweza kumtoa. Ukanichapa. Baadaye nikampata mbuni wa senti ishirini, na samaki wa senti tano, wote wa 1966, Mwalimu upande wa pili. Halafu kopo likajaa lenyewe, maana shilingi ilikuwa inashuka na hakuna aliyeinama tena kuokota senti. Hata dala, ile ya shilingi tano iliyozaa jina la daladala, ilifika siku haitoshi nauli ya daladala.

Pili, aulize wazee. Bibi alikuwa na peni, zile senti kumi za Mwingereza, kazitunga kwenye uzi, unazikumbuka, zikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Moja ilikuwa ya 1936, ina jina la Edward VIII. Yule aliukalia ufalme tangu Januari, Desemba akauacha kwa ajili ya mwanamke, hata taji hakuvishwa. Kwao Uingereza sarafu za uso wake hazikutolewa zitumike. Huku kwetu senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, hazina pa kuweka uso wa mtu, basi zikatoka na jina lake na watu wakanunulia chumvi. Mwanao asidanganywe kuwa ni ghali, zilitengenezwa nyingi mno. Lakini mimi ndiyo iliyonifanya nisiache.

Tundu la peni limezaliwa nayo. La rupia yetu ni la sonara.

Nasema "yetu" kwa heshima yako.

Usiku wa hina yako nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, wanawake wamejaa mpaka uani, na wewe umekaa kwenye mto, mikono na miguu imepakwa, huwezi hata kujifuta jasho. Shangazi anakupepea. Nikaiona shingoni mwako. Kichwa cha Mjerumani na kofia yake ya chuma yenye tai, juu ya tai kabisa pametobolewa, pamepita kipete cha dhahabu cha kutundikia. Asubuhi yake nilikuwa nimelifungua kopo na kudhani nimeipoteza mwenyewe. Nililia, Dada. Nililia peke yangu kwa aibu ya uzembe.

Nikasema neno lile. Nililisema kwa sauti, mbele ya wakwe zako. Ngoma ikakatika. Wewe ukainua mikono yenye hina mbichi, sijui ulitaka kunipiga au kunikumbatia, ukairudisha magotini.

Unalisamehe neno? Mimi tundu sijalisamehe. Miaka mingapi sasa, bado nikiona sarafu imetobolewa na kutundikwa naona pale.

Najua utakavyosema. Kwamba rupia ilikuwa ya mahari ya mama yake Bibi, kwamba vitu hivyo hupita kwa wanawake, na pwani nzima rupia zilivaliwa kabla sijazaliwa mimi na kopo langu. Kweli. Lakini mimi sikuiba. Bibi mwenyewe alifungua pindo la kanga, akanitia mkononi, akasema: "Kaa nayo." Wewe umeshikilia kuwa alimaanisha nimtunzie mpaka uolewe. Mimi nilielewa nimepewa. Neno moja, na Bibi hayupo wa kutuamua. Ila mtoto wa miaka kumi na moja ukimwambia kaa nayo, afahamu nini?

Basi nimalizie mawaidha. Mwambie asizisafishe. Hata kwa sabuni. Azishike ukingoni, azifunge kila moja kwenye karatasi yake kavu, huko kwenu kuna joto na chumvi ya bahari kama Tanga. Ule weusi wa fedha ya zamani ni ngozi yake. Wanunuzi wakiona inang'aa kama sufuria mpya wanairudisha mezani. Nimejuaje? Rupia ile niliisugua kwa limau na majivu siku ileile niliyopewa. Sonara wako alitoboa kitu nilichokwisha kukichuna mimi. Hili sijakwambia kabla ya leo.

Na baisa ulizonitumia ule mwaka, kumi na mbili ndani ya bahasha ya dawa, zilifika. Sikukushukuru. Zipo, kila moja na karatasi yake. Baisa, pesa, ni neno moja; nilitaka kukupigia nikueleze, nikaona utanicheka.

Mjibu mwanao hivi: thamani yake inategemea mwaka. Ikiwa ni kabla ya 1904 ni ya ile kampuni ya Wajerumani, enzi rupia moja ilipovunjwa kwa pesa 64. Ikiwa ni kuanzia 1904 ni ya serikali yao, heller 100 kwa rupia, ndiyo hii hela tunayoitaja mpaka leo. Mwaka uko upande wa pili. Mwambie aigeuze apige picha tena. Nilikaa nayo miaka miwili, nikaisugua, nikaililia, na mwaka wake sikuwahi kuuandika popote.