Barua ya kufunga mwaka kwa wazazi wa darasa la awali: huyo anayejimiminia uji

Wazazi wangu, habari za msimu. Wakubwa zangu shikamooni. Najua wengi saivi mko mashambani mnaokota korosho na wengine mnasubiria hela ya mnada iingie, kwa hiyo sitawachosha sana, ila kuna maneno nimeyasikia vibarazani huku Naliendele nikaona bora niyajibu mwenyewe kabla hatujafunga, eti siku hizi watoto wa awali hawafundishwi, wanaachiwa tu wachague cha kufanya.

Kuchagua wanachagua, hilo sikatai. Asubuhi wakishaimba na kuitwa majina, kila mtoto anachukua kibanio chake cha nguo chenye mchoro wake, mmoja ana pweza mwingine ana embe, anaenda kukibana kwenye kamba ya kona anayoitaka. Kuna kona ya vitabu, ya kujenga, ya kuhesabu, ya duka na ya maji. Kila kamba ina nafasi kumi, zikijaa unasubiri au unaenda kona nyingine. Mwalimu anazunguka anauliza maswali na anaandika nani kakaa wapi, na mtoto akiganda kona moja wiki nzima anavutwa taratibu kwenye nyingine.

Mwanzoni tuliharibu, na kosa lilikuwa langu siyo la walimu. Julai nilisema tufungue kona zote tano siku moja, watoto 46 na walimu wawili, kufika saa nne kona ya maji ilishahamia kwenye vitabu. Tukarudi tukaanza na kona mbili tu, nyingine tukaziongeza polepole. Na lile kabati refu mlilochangia tumelikata, msishtuke mkiliona. Yule mama daktari wa Italia, Maria Montessori, alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907 alitaka meza na rafu ziwe za kimo cha mtoto, mana kitu kikiwa juu mtoto lazima aombe, na anayeomba kila kitu hajachagua chochote.

Sasa niwape moja niliyoiona kwa macho yangu. Kona ya duka mwezi wa kumi iligeuka mnada, hakuna mwalimu aliyewaambia. Wamefunga makopo mawili kwenye kijiti ikawa mizani, mmoja kajifanya karani wa chama cha ushirika anaandika vistari kwenye boksi, mwingine anapima visoda, ghafla binti mmoja kasimama kiuno kimeshikwa anasema "bei ndogo hiyo, hatuuzi!" na wenzake wote wakarudisha visoda kwenye vifuko vyao. Huyo binti mpaka Agosti alikuwa anasimama mlangoni tu, ukimuuliza unataka kona gani analia. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Mnaolalamika hakuna madaftari nawaelewa, mana hela ya daftari mlitoa. Yapo kabatini. Ila vidole vya miaka mitano vinavyofinyanga udongo na kukamua tambara kwenye kona ya maji ndio vinajiandaa kushika penseli, msiwaharakishe.

Uji. Ndio, wanajimiminia wenyewe, kwenye jagi dogo na uji ukiwa umeshapoa, na ndio maana sare zinarudi na madoa. Anayemwaga anachukua tambara anafuta, hasemwi. Wiki za kwanza sakafu ilikuwa inanata kama imepakwa asali, saivi ni wawili watatu tu.

Mzazi mmoja alituletea kiroba cha korosho mbichi za kuhesabia. Asante sana ila tumekirudisha, ganda bichi lina yale mafuta yanayounguza ngozi, wenyewe mnayajua. Visoda, vifuu na kokoto vinatosha.

Likizo hii nyumbani jaribuni kidogo. Msimuulize mtoto "unataka nini" mana atataka pikipiki, mpeni viwili: unaanza kuoga au kula? ming'oko au mhogo? Akichagua usimgeuzie, hata kama ungependa kile kingine. Viatu mwache avae mwenyewe hata akigeuza kushoto kulia, ondokeni nyumbani dakika kumi mapema basi. Ila dawa, kuvuka barabara na kwenda baharini hayo hayana kuchagua, hapo mkubwa anaamua yakaisha. Bibi na babu nao waambieni, mana kuna wajukuu huku wanalishwa kwa kijiko mpaka leo na mimi sina ubavu wa kubishana na bibi wa mtu.

Tarehe ya kufungua Januari nitaweka kwenye grupu. Mchango wa uji anayesubiri malipo ya korosho aje tuongee, mtoto hatorudishwa. Mje na vitenge vichakavu vya kona ya maji, na aliyeondoka na vibanio vinne vya bluu siku ya kikao tunaviomba, kuna watoto wanne wanabana kwa vijiti.

Mwalimu mkuu