Barua ya wazi kwa Afisa wa Afya wa Wilaya: njoo useme kilichotokea wodini

Mheshimiwa,

Mimi ni mume wa mkunga wa kituo cha afya cha daraja la tatu, huku kwetu mpakani mwa Uganda. Kwanza nawapa pole wafiwa. Wamemzika binti yao na kuachiwa kichanga. Uchungu wao unazidi wetu, na haki yao ya kujua ukweli ni kubwa kuliko yangu.

Mama yule alijifungua vizuri, kisha damu ikawa haikatiki. Mke wangu alimchoma oksitosini, sindano ya kuzuia damu, akamtundikia dripu, akawa anamkanda tumbo huku simu iko sikioni akiomba ambulansi. Akajibiwa haina mafuta. Unajua mwenyewe kwamba kituo cha ngazi hii hakina damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji. Mgonjwa alikata roho njiani, ndani ya gari ambalo ndugu zake walichangishana kulikodi.

Tangu siku ile nyumbani hakukaliki. Usiku mke wangu huchukua daftari la hesabu la binti yetu, akafungua kurasa za nyuma na kuandika saa: sindano saa ngapi, simu ya kwanza, simu ya pili. Anafuta, anaandika tena. Sokoni wanampa mgongo. Binti yetu, yuko praimari ya nne, shuleni anaitwa mtoto wa muuaji, na sasa kila asubuhi analalamika tumbo. Wakwe zangu wanataka mke wangu aache kazi. Wazazi wangu wanataka tuhame.

Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka kifo cha mama mzazi kifanyiwe mapitio ndani ya siku 7, ili watu wajifunze, si kutafuta wa kubebeshwa lawama. Kwetu mapitio hayajafanyika. Kilichokuja ni barua ya kumsimamisha kazi. Na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ilikwisha kuamua kwamba serikali inaposhindwa kutoa huduma za msingi za uzazi inavunja Katiba. Mafuta ya ambulansi hayatoki mfukoni mwa mkunga!

Fanya mapitio hayo, Mheshimiwa, na mke wangu aitwe ajieleze. Kama alikosea, aambiwe ni wapi, naye atajibu mbele ya Baraza la Wauguzi na Wakunga. Kisha uje mwenyewe, uketi na familia ya marehemu, uwaeleze kwa nini gari halikuja. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, amekubali kuitisha mkutano. Tutajie siku.

Mume wa mkunga